"Hamukunisikia": namna ya kupanga vikao vya baraza la mji kwa simu na intaneti wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Wiki ya tatu ya Machi 2020 mambo yalikwenda mbio kuliko makaratasi. Gavana wa California, Gavin Newsom, alikuwa ametangaza hali ya dharura ya corona tarehe 4. Tarehe 17 akatoa amri namba N-29-20 iliyoruhusu mabaraza kukutana kwa mbali bila kumfungulia mwananchi ukumbi, na tarehe 19 watu wakaambiwa wabaki majumbani. Mimi nilikuwa msaidizi kwenye ofisi ya karani wa mji mmoja mdogo huko, yaani ofisi inayoandaa ajenda na vikao vya baraza na kutunza kumbukumbu zake. Kikao chetu cha kwanza cha mbali tulikipanga kama watu wanaohama nyumba usiku: kila mmoja amebeba alichokiona, hakuna anayejua funguo ziko kwa nani.

Usiku huo mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, Kongo, alipiga simu azungumzie kivuko cha watembea kwa miguu mbele ya shule ya wajukuu wake. Alisubiri karibu saa mbili. Zamu yake ilipofika, meya alimwita kwa tarakimu tatu za mwisho za namba yake. Kimya. Akaita tena. Kimya. "Inaelekea amekata," akasema, akafunga maoni ya wananchi na kura ikapigwa. Kesho yake asubuhi simu ya ofisini ikalia. "Nilikuwa nasema, mwanangu," aliniambia. "Ni ninyi hamukunisikia." Kweli hakuwa amekata. Hakujua kwamba anayepiga kwa simu ya kawaida lazima abonyeze nyota na sita ili sauti yake ifunguke, na sisi hatukuwa tumeliandika hilo popote.

Nilichojifunza tangu siku ile ndicho ninachokiandika hapa. Sheria ninazozitaja ni za California kwa sababu ndizo nilizozifanyia kazi. Karani wa manispaa ya kwetu atakuta sheria nyingine kabisa, ila laini itakatika vilevile na diwani atasahau vilevile kuzima maiki.

Hatua ya 1: Anza na sheria, programu baadaye

Fundi wa mitambo atakuja na orodha ya programu. Msikilize, lakini mwanasheria wa mji aongee kwanza.

Brown Act, sheria ya mikutano ya wazi ya mwaka 1953, haikukataza vikao vya mbali hata siku za kawaida. Tatizo ni masharti. Anwani ya kila mahali anapojiungia diwani iandikwe kwenye ajenda, ajenda ibandikwe hapo hapo, na mwananchi yeyote aruhusiwe kuingia. Fikiria diwani mwenye corona, kajifungia chumbani, ajenda iko mlangoni na majirani wamejaa sebuleni wakifuatilia bajeti. Amri ya gavana ilikuja kuondoa kituko hicho.

Amri hizo zilifika ukomo 30 Septemba 2021, zikapokewa na AB 361, sheria ya jimbo iliyoendeleza ruhusa ya kukutana kwa mbali wakati wa dharura (AB na SB ni alama za miswada ya mabaraza mawili ya bunge la California). Mwaka 2023 sheria hiyo ikarekebishwa kwa AB 557, na mwaka 2025 kanuni za vikao vya mbali zikaguswa tena na SB 707. Kwa hiyo usichukue azimio la kukutana kwa mbali ambalo mji jirani ulilipitisha mwaka 2021 ukabadilisha jina tu. Mwanasheria asome sheria ilivyo leo.

Nako England, mabaraza yaliruhusiwa kukutana kwa mbali kwa kanuni za muda za mwaka 2020, ambazo zilihusu vikao vya kabla ya 7 Mei 2021 tu. Mwishoni mwa Aprili 2021 Mahakama Kuu ikasema kwamba "mkutano" katika sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 maana yake ni watu kukutana mahali pamoja. Madiwani wakarudi ukumbini, virusi bado vinazunguka. Ruhusa ya dharura ina tarehe ya mwisho. Iandike kwenye kalenda siku ile ile unayoipokea.

Hatua ya 2: Azimio, na kuhesabu siku

Hapa ndipo makarani wengi walipojikwaa, na si kwa uvivu.

AB 361 ilitaka kwanza gavana awe ametangaza hali ya dharura. Kisha ama maofisa wa jimbo au wa eneo wawe wameagiza au kupendekeza watu wasikaribiane, ama baraza lenyewe liamue kwa kura za walio wengi kwamba kukutana ana kwa ana kunahatarisha afya ya watakaohudhuria. Halafu, kila baada ya siku 30, baraza lilitazame suala hilo upya na kupiga kura kwamba sababu bado ipo.

Siku 30 zinasikika kama mwezi. Si mwezi. Chukua baraza linalokutana Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Mwaka 2021 Jumanne hizo zilikuwa 5 Oktoba, 2 Novemba na 7 Desemba. Kutoka Oktoba hadi Novemba ni siku 28, upo salama. Kutoka Novemba hadi Desemba ni siku 35. Umepitwa na siku tano, na kikao chako cha Desemba kinaanza bila ruhusa ya kukutana kwa mbali. Jumanne ya kwanza hadi Jumanne ya kwanza huwa ama siku 28 ama 35, hakuna namba nyingine, kwa hiyo kila baraza la namna hiyo lilikuwa linangoja tu zamu yake ya kuteleza. Dawa ilikuwa kuitisha kikao maalumu cha dakika kumi katikati, kwa tangazo la saa 24, kwa ajili ya kura hiyo moja.

AB 557 ilisogeza kikomo hadi siku 45, na tatizo la Jumanne ya kwanza likaisha. Likizo ya Agosti haikupona: ukikutana Julai na kurudi Septemba, Jumanne ya kwanza hadi ya kwanza ni siku 56 au 63. Chukua kalenda ya karatasi, kalamu nyekundu, hesabu kwa kidole mwaka mzima. Kalenda za kompyuta sizipingi, ila kidole hakijawahi kuniangusha.

Ndani ya azimio, usiishie kwenye maneno makubwa ya "kwa kuzingatia". Eleza ukumbi wenu: unachukua watu wangapi, madirisha yanafunguka au hayafunguki, ofisa wa afya wa kaunti ameshauri nini wiki hii. Anayelisoma azimio baadaye aone kwamba madiwani walifikiri, hawakugonga muhuri tu. Na kumbuka tume ya mipango miji na bodi ya maktaba, nazo hukutana hadharani. Muulize mwanasheria kama azimio la madiwani linazifunika au kila moja ipitishe la kwake.

Hatua ya 3: Amua nani ameshika funguo

Kwenye ukumbi wa kawaida meya ana rungu lake la mbao na kila mtu anajua nani ni nani. Kwenye skrini mwenye nguvu ni mwenyeji wa kikao, yule anayeweza kumnyamazisha mtu au kumtoa nje kwa kubofya mara moja.

Huenda uliona video ya baraza dogo la Handforth, Cheshire, huko England, lililokutana Desemba 2020. Ilipofika Februari 2021 ilikuwa imezunguka dunia. Jackie Weaver, aliyekuja kusaidia kuendesha kikao, alimtoa mwenyekiti akamweka kwenye chumba cha kusubiria, huku wajumbe wakifokeana kuhusu nani ana mamlaka. Watu walicheka sana. Sisi makarani tulicheka kidogo, kisha tukaenda kuangalia nani ni mwenyeji kwenye vikao vyetu.

Sisi tuligawana hivi. Karani ndiye mwenyeji. Meya anaongoza mjadala lakini hana kitufe cha kumtoa mtu. Akitaka mtu atolewe anasema kwa sauti, na sababu inaingia kwenye muhtasari. Fundi ni mwenyeji msaidizi, ili mtandao wa karani ukikatika kikao kisibaki yatima. Mtu wa tatu anashughulika na wapigaji simu peke yao. Wa nne anashika saa.

Wa tano ndiye wanayemsahau wengi: mtu anayekaa nje ya kikao kabisa, anafuatilia kama mwananchi wa kawaida, kwa simu yake, na kazi yake ni kumtumia karani ujumbe kwamba "huku hakusikiki". Mliomo ndani mnasikiana vizuri tu. Hamtajua kwamba nje ni kimya.

Kama mna uwezo, chagueni aina ya webina badala ya mkutano wa kawaida. Madiwani na watumishi wanaonekana, wananchi wanasikiliza hadi wanapoitwa. Inapunguza wahuni wanaoingia kutukana na kuonyesha picha chafu, na mwaka 2020 walikuwa wengi mno.

Hatua ya 4: Andika ajenda kwa ajili ya mtu aliyeshika simu jikoni

Kikao cha kawaida, ajenda itoke saa 72 kabla. Kikao maalumu, saa 24. Hilo halikubadilika kwa sababu ya corona. Kilichoongezeka ni kwamba ajenda lazima ieleze mwananchi ataingiaje na atasemaje.

Kiungo peke yake hakitoshi, maana wapo wasio na intaneti. Weka namba ya simu juu kabisa, kwa herufi kubwa, na maelekezo kama haya (nyota hizi ni za Zoom; programu nyingine zina zake):

"Piga namba hii, kisha weka namba ya kikao. Ukitaka kusema, bonyeza nyota tisa (*9) kunyoosha mkono. Utakapoitwa, bonyeza nyota sita (*6) kufungua sauti yako. Zima televisheni na redio zilizo karibu nawe. Ukishindwa kuunganishwa, piga ofisi ya karani. Kuna mtu wa kupokea."

Kuhusu televisheni: matangazo ya moja kwa moja huchelewa sekunde kadhaa. Anayesubiri kwa simu huku televisheni inaunguruma pembeni atajisikia mwenyewe akirudi nyuma yake, atachanganyikiwa, na dakika zake zitaliwa na mwangwi.

Maoni kwa barua pepe yapokee, lakini yasichukue nafasi ya maoni ya papo kwa papo. AB 361 ilikataza baraza kumlazimisha mwananchi kutuma maoni kabla. Vilevile usimdai ajiandikishe jina kwako ndipo aingie. Programu yenyewe ikidai jina hilo ni jambo jingine. Na kama umetenga muda maalumu wa maoni, usiufunge kabla haujaisha hata kama mstari uko mtupu. Subiri. Dakika mbili za ukimya mbele ya kamera ni ndefu kama foleni ya hospitali, lakini ndizo zinazomfaa mtu anayetafuta nyota kwenye simu yake.

Hatua ya 5: Lugha

Sheria ya California inasema hivi: kama baraza limeweka kikomo cha muda, anayesema kupitia mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda huo, isipokuwa kuna mitambo ya kutafsiri papo kwa papo. Wengine wana dakika tatu, yeye sita. Mwambie mshika saa mapema. Nimewahi kuona kengele ikimlilia mzee kwenye dakika ya tatu, mkalimani wake ndio kwanza amemaliza salamu.

Zoom ina chaneli za wakalimani, ni kitu kizuri, lakini ni kwa aliyejiunga kwa kompyuta au programu. Aliyepiga simu ya kawaida husikia sauti kuu tu. Na ndiye hasa mwenye kumhitaji mkalimani! Suluhisho letu lilikuwa la kizamani: laini ya pili ya simu ya pamoja, mkalimani akisikiliza kikao kwa sikio moja na kutafsiri kwenye laini hiyo. Namba yake tuliichapisha kwa lugha husika. Karatasi ya Kiswahili niliiandika mwenyewe, nikampigia yule mama wa Uvira nimsomee kabla haijachapwa. Alinirekebisha sehemu mbili. Pale nilipoandika "bofya" aliniuliza, "Bofya ni nini?" Nikaweka "bonyeza".

Usimtumie mtoto wa familia kama mkalimani, na usimtumie mtumishi wa idara ambayo jambo lake ndilo linajadiliwa. Viziwi na wasiosikia vizuri wapewe maandishi yanayopita chini ya skrini, na ajenda ioneshe mtu wa kupigiwa kwa mahitaji ya namna hiyo.

Hatua ya 6: Mazoezi

Siku moja kabla, mpigie kila diwani peke yake, dakika kumi na tano. Mwambie akae pale pale atakapokaa kesho. Angalia taa iko wapi: dirisha likiwa nyuma yake atatokea kama kivuli. Sikiliza feni. Muulize nani mwingine nyumbani anatumia intaneti saa hiyo. Tulikuwa na diwani aliyekatika kila saa moja na nusu jioni. Tuligundua kwamba ndio muda wajukuu wake walikuwa wanaanza michezo yao ya video. Alinunuliwa waya wa kuunganisha kompyuta moja kwa moja kwenye kisanduku cha intaneti, ugonjwa ukapona.

Mpe kila diwani pia namba ya simu ya kuingilia, kwenye karatasi. Kompyuta ikizima, namba iliyo ndani ya kompyuta haimsaidii.

Hatua ya 7: Kuendesha kikao

Mwandikie meya maneno ya kusoma, neno kwa neno. Asibuni. Aanze kwa kuita majina ili akidi ithibitike kwa sauti, kisha asome namna ya kujiunga na kusema, na ayarudie kabla ya kila jambo lenye mvutano, kwa sababu watu huingia katikati.

Akimwita mpigaji simu: "Mwananchi ambaye namba yake inaishia na 417, tafadhali bonyeza nyota sita." Hesabu hadi kumi. Rudia. Bado kimya? Sema, "Tutakurudia mwishoni," na kweli umrudie. Hilo ndilo tulilobadilisha kwanza baada ya simu ya yule mama. Kikao kilichofuata alisema dakika zake zote, na kivuko kikarudishwa kwenye ajenda.

Kura zote zipigwe kwa kuitana majina. "Wanaokubali waseme ndiyo" haifai kwenye vikao vya mbali. Sauti saba zikigongana programu huchagua moja.

Sehemu ya kuchati ifungwe. Madiwani wakiandikiana pembeni kuhusu jambo lililo mezani, wakafika walio wengi, hapo wamefanya kikao ndani ya kikao na wananchi hawaoni. Wanaodhani simu zao binafsi ni pango la kujifichia wakumbushwe kesi ya San José: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba ujumbe kuhusu shughuli za umma ni kumbukumbu ya umma hata ukiwa kwenye simu au akaunti ya mtu binafsi. Nililisema hilo kwenye mazoezi, nikaona nyuso mbili tatu zikiinama kutazama simu.

Hatua ya 8: Laini ikikatika

Chini ya AB 361, matangazo yakikatika, au njia ya wananchi kusema ikiharibika kwa sababu iliyo mikononi mwa baraza, hakuna uamuzi wowote juu ya jambo la ajenda mpaka njia irudi. Uamuzi uliochukuliwa katikati unaweza kupingwa.

Kwa vitendo: mtu wako wa tano anatuma ujumbe, "Huku kimya tangu saa mbili na dakika kumi." Karani anafungua sauti na kumkatiza hata meya. Hilo mkubaliane mapema, maana kumkatiza mkubwa hadharani si jambo dogo kwa mtu aliyelelewa kwetu. Meya anasema, "Kikao kinasimama kwa hitilafu ya mitambo," muda unaandikwa, fundi anahangaika. Njia ikirudi, rudieni mjadala kuanzia pale ulipopotea, na waulize tena wananchi kama kuna anayetaka kusema. Isiporudi, ahirisheni. Hata kama mwenye hoteli anasubiri kibali chake. Hasa kama anasubiri.

Hatua ya 9: Kikao cha faragha

Kiwe na kiungo chake, tofauti kabisa na cha hadharani. Usijaribu kuwahamisha watu kwenye chumba cha pembeni ndani ya kikao kile kile. Kosa moja la kubofya na mazungumzo ya kesi ya mji yako hewani. Mwanasheria aanze kwa kumuuliza kila diwani, kwa jina, kama yuko peke yake chumbani na mlango umefungwa. Kisha mrudi hadharani kutoa taarifa ya kinachotakiwa kutolewa, wananchi wakiwa bado kwenye laini.

Hatua ya 10: Baada ya kikao, na baada ya dharura

Rekodi iliyotengenezwa na mji ni kumbukumbu ya umma. Sheria inaruhusu kuifuta baada ya siku 30, lakini hifadhi ni rahisi siku hizi na sioni sababu ya kuharakisha. Kwenye muhtasari andika nani alijiunga kwa njia gani, laini ilikatika saa ngapi na ikarudi saa ngapi.

Hali ya dharura ya corona California ilikoma 28 Februari 2023. Siku kama hiyo inapotangazwa, azimio litoke kwenye orodha ya mambo yanayopitishwa kwa pamoja bila mjadala, kwa sababu lina mazoea ya kubaki pale kikao baada ya kikao bila mtu kuliona. Madiwani waambiwe wazi kuanzia kikao kipi wanatakiwa waonekane ukumbini. Atakayetaka kuendelea kukaa nyumbani ana masharti mengine ya kutimiza, na mwanasheria amweleze mwenyewe, si wewe.

Namba ya simu ya wananchi usiitoe kwenye ajenda. Siku ya kwanza tuliporudi ukumbini walikuja watu kumi na moja. Kwenye laini walikuwepo thelathini na nne, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa anasikika kama amesimama jikoni, sufuria inachemka nyuma yake.